Kilima cha Januari

Kama ulikuwa kijana wa intaneti kafe miaka ile ya 2004, 2005, kile kilima unakijua. Unalipa shilingi mia tano zako, unaelekezwa mashine namba saba yenye feni inayolia kama cherehani, unafunga madirisha aliyoyaacha wazi mwenzio aliyetangulia, na hicho hapo: kilima cha kijani kibichi, anga la bluu, mawingu yametawanyika kama pamba ya mto uliopasuka. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi. Mimi nilikaa mbele ya kilima kile pale Magomeni saa nyingi kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya mwalimu wa Jiografia, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ni Ulaya, tena Ulaya ya majira ya machipuko, yale mwalimu aliyotuandikia ubaoni tukayakariri bila kuwahi kuyaona.

Kumbe si Ulaya, na wala si machipuko.

Aliyeipiga picha ile anaitwa Charles O'Rear, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na jarida la National Geographic. Ijumaa moja ya Januari 1996 alikuwa anaendesha gari kaskazini mwa San Francisco, California, kwenda kumwona mchumba wake. Mvua kubwa ilikuwa imepita, jua limetoka, majani yamenawiri. Akaegesha pembeni ya barabara, akatoa kamera yake ya filamu aina ya Mamiya, akapiga picha chache, kisha akaendelea na safari yake ya mapenzi. Hakupanga lolote. Hata ule utupu wa kilima, ambao ndio uzuri wake, ulikuwa na sababu ya huzuni kidogo: eneo lile ni la mashamba ya mizabibu, na miaka ya tisini mwanzoni kijidudu kinachokula mizizi kiliishambulia mpaka wenye mashamba wakaing'oa. Majani tuliyoyapenda yaliota palipokufa zao la watu. Baadaye mizabibu ilipandwa upya, na ukienda leo kilima hukitambui.

Sasa angalia tarehe tena. Januari, kwa kalenda ya Kizungu, ni katikati ya majira ya baridi. Ila sehemu ile ya California mvua zake hunyesha wakati huo wa baridi, na ikifika Juni au Julai vilima hukauka vikawa na rangi ya simba. Kwa hiyo ile picha, ambayo inasemekana ndiyo iliyotazamwa na macho mengi kuliko zote duniani, ni picha ya msimu wa mvua. Kwa lugha yetu sisi ningeiita picha ya masika, basi tu masika yao yameangukia Januari.

Nimeanza na kilima kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuingia kwenye biashara ambayo wengi wetu tunaiona kila siku bila kuitambua: biashara ya picha za akiba. Hizi ni picha zinazopigwa kabla mteja hajajulikana. Mpigapicha anapiga, anaweka ghalani kwa wakala, na siku moja benki au kiwanda cha sabuni kinakuja kulipia haki ya kuitumia. Kilima cha O'Rear kiliwekwa kwa wakala aliyeitwa Westlight. Mwaka 1998 Westlight ikanunuliwa na Corbis, kampuni ya picha ya Bill Gates, na huko ndiko watu wa Microsoft walipokikuta walipokuwa wanatafuta sura ya Windows XP, iliyotoka 2001. Bei ilibaki siri ya mkataba. Tunachojua ni kwamba thamani yake iliwatisha wasafirishaji wa vifurushi, hawakuwa tayari kuibeba filamu yenyewe, ikabidi O'Rear apande ndege aipeleke Seattle kwa mkono wake.

Lakini kinachonivutia mimi zaidi ni majina. Ghalani ilikuwa na jina la kimakabati tu, lenye maana ya vilima vya kijani vya mashambani. Microsoft wakaiita Bliss, yaani raha tele. Kwenye toleo la Kidachi la programu ileile ikaitwa kwa jina la nchi ya Ireland! Picha ni moja, kilima ni kimoja, na hakuna hata jina moja kati ya hayo linalosema California, Januari, baada ya mvua.

Jirani yake kwenye orodha ileile ya picha za skrini ilikuwepo nyingine, labda unaikumbuka: njia ya mashambani chini ya miti yenye majani mekundu na ya njano. Iliitwa Autumn, majira ya kupukutika, basi. Mwandishi Nick Tosches, yule wa riwaya na vitabu vya muziki, alishikwa na picha hiyo mpaka akaanza kuitafuta njia yenyewe ilipo. Alisumbua watu, akapiga simu, akaandika barua, na mwaka 2007 jarida la Vanity Fair likachapa kisa kizima. Picha ilikuwa imepigwa Ontario, Kanada, na Peter Burian, ambaye malipo yake kwa kazi ile yalikuwa dola 45. Nimesoma simulizi nyingi za kumsaka muuaji, lakini simulizi ya kusaka mti ni hii tu. Na sababu iliyomfanya mtu mzima, tena mwandishi mashuhuri, ahangaike hivyo ni moja: lebo ilitaja msimu, haikutaja mahali.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Jina la mahali linapunguza wateja. Jina la msimu linawaongeza. Ukiandika kwamba hii ni barabara fulani ya Ontario, mteja wa Texas anapita. Ukiandika "majira ya kupukutika", kila mwenye upepo wa Oktoba dirishani ni mteja wako.

Walioijenga biashara hii walilijua hilo mapema. H. Armstrong Roberts alianza kuuza picha za namna hii Philadelphia mwaka 1920. Ila kwa upande wa maneno, mtu wangu ni Otto Bettmann, ambaye hakuwa mpigapicha kabisa. Alikuwa mkutubi wa Berlin, Myahudi aliyefukuzwa kazi na utawala wa Nazi, na mwaka 1935 aliingia New York na masanduku yaliyojaa picha. Picha wengine pia walikuwa nazo. Alichokuwa nacho yeye ni akili ya maktaba: kila picha na kadi yake, kila kadi na vichwa vyake vya habari, ili mhariri akiuliza jambo lolote duniani, jibu litoke droo fulani. Mkutubi yeyote atakwambia, kitu usichoweza kukipata huna. Kumbukumbu zake nazo ziliishia mikononi mwa Corbis, mwaka 1995, na miaka michache baadaye zikahamishiwa kwenye mgodi wa zamani wa chokaa huko Pennsylvania, chini ya ardhi kwenye baridi, zisioze.

Zama za makabati zilikuwa na nidhamu yake. Slaidi moja ilikaa kwenye fremu ya kadibodi ya sentimita tano kwa tano, na pembezoni palitosha jina la mpigapicha, namba, na mstari mmoja wa maelezo. Mteja hakuwa anatafuta mwenyewe. Alipiga simu kwa wakala akasema nataka machipuko, nataka matumaini, iwe ya wima na juu paachwe nafasi ya maandishi, na binadamu mwenye kichwa chake akaenda kwenye droo. Binadamu yule aliweza kukumbuka picha ambayo haikuandikwa "matumaini" popote.

Kompyuta ilipoingia, binadamu wa droo akaondoka, na maneno yakahamia ndani ya faili la picha lenyewe. Hakuna anayeyaona, lakini yamo. Mark Getty na Jonathan Klein walianzisha kampuni yao London mwaka 1995, wakaanza kwa kuwanunua Tony Stone, kisha wengine na wengine. Mwaka 2000 Bruce Livingstone alifungua iStockphoto huko Calgary, mwanzoni watu wakibadilishana picha tu, na mwaka 2003 Jon Oringer akaanza Shutterstock akiwa na picha 30,000 alizopiga mwenyewe. Getty wakaichukua iStockphoto mwaka 2006 kwa dola milioni 50. Bei ya picha ikaporomoka hadi dola moja, hadi senti. Na mlango ukafunguka: yeyote mwenye kamera, popote alipo, angeweza kupeleka. Hata mimi.

Kabla sijafika kwangu, ngoja niwaeleze machipuko yanavyotengenezwa, maana yanatengenezwa. Wanunuzi wa picha hununua miezi kadhaa kabla ya msimu. Tangazo la Aprili linapangwa watu wakiwa bado na makoti. Kwa hiyo mpigapicha ama anapiga machipuko ya mwaka huu ayauze mwakani, ama anayaunda ndani: tulipu za dukani kwenye chombo cha kioo, meza nyeupe, taa kubwa inayojifanya jua la asubuhi. Ukizipitia picha za neno "spring" utakutana na familia ileile kila ukurasa. Maua ya micheri. Vifaranga na mayai yaliyopakwa rangi. Mama anayefuta madirisha. Mtu anayepiga chafya kwa sababu ya chavua. Mtoto mwenye buti za mpira akiruka kwenye dimbwi (kwa hiyo mvua wanayo, wasitufanye hatuoni). Na zile za dhana, zinazouzika kuliko zote: mche mchanga wenye majani mawili, umebebwa kwenye viganja vya mikono. Mche huo ukiuweka juu ya rundo la sarafu unakuwa akaunti ya akiba. Tembea Posta, tazama vioo vya benki, utauona.

Chini ya kila picha kuna maneno ya kutafutia, na masoko mengi yanaruhusu hamsini hivi. Hamsini ni mengi. Ua moja la tulipu halina maneno hamsini, kwa hiyo mpigapicha anaanza kutoka nje ya picha: upya, usafi, mwanzo, furaha, Pasaka, mapenzi, afya. Walaghai wakaongeza hata yasiyohusika, ilimradi picha itokee. Kisha kuna ugumu wa neno lenyewe. Kwa Kiingereza "spring" ni msimu, ni chemchemi ya maji, na ni springi ya godoro au ya gari. Siku za mwanzo ulikuwa unatafuta maua unaletewa vyuma. Baadhi ya masoko yakaamua kumuuliza mpigapicha: umekusudia ipi? Yakatoa orodha ya maana, uchague. Mimi niliposikia hilo nilifurahi kama mtu wa lugha. Hatimaye mashine inauliza maana!

Furaha yangu haikudumu. Aprili 2013, nimemaliza chuo na kazi sijapata, nilikwenda Lushoto kwa bibi na kamera ya kuazima. Masika yalikuwa yamekolea. Yeyote aliyepanda ile barabara ya kutoka Mombo msimu ule anajua kijani ninachokisema. Kilima cha O'Rear kikasome. Nilipiga mahindi yaliyofika magotini, nikapiga maharage ya bibi yamefungua majani mawili mawili na matone juu yake, udongo mwekundu umelowa. Nikarudi Dar, nikajisajili kwenye soko mojawapo la picha, nikapandisha kumi na mbili.

Kwenye kisanduku cha maneno nikaandika "masika". Mfumo ukanipigia mstari mwekundu: neno halitambuliki. Nikatazama sehemu ya msimu. Kulikuwa na visanduku vinne, vile vinne vya ubaoni. Hakuna masika, hakuna vuli, hakuna kipupwe; kaskazi na kusi usiulize. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba ni msimu wa mvua. Neno likakubaliwa, lakini nilipotafuta nione picha zangu zimekaa na akina nani, nilizikuta katikati ya mafuriko: watu wamebeba magodoro kichwani, mabati yamezama. Sisemi mafuriko hayapo. Nimekulia Magomeni, bonde la Msimbazi nalijua likifura. Lakini maharage ya bibi yalikuwa yamekaa msibani bila kufiwa.

Miezi minne, hakuna aliyenunua. Usiku mmoja nikaingia, nikafuta, nikaweka "spring" na ndugu zake wote. Upya. Matumaini. Bustani. Neno "Tanzania" nikalitoa pia. Nalitaja hili kwa aibu, maana hakuna aliyenilazimisha.

Picha ya maharage ikauzika mara sita.

Mara moja niliiona ilipokwenda: tovuti ya Kijerumani inayouza mbegu, na juu ya maharage ya Lushoto wameandika tangazo la bustani za Pasaka. Nilipokwenda tena kwa bibi nikamwonyesha kwenye simu. Bibi yangu, kama bibi wengi wa Tanga kwa mjukuu wa kiume, huniita mume wake. Akaitazama sana.

"Mume wangu, hawa wameandika nini?"

Nikamweleza kwamba wanasema baridi imeisha, sasa watu walime.

"Baridi gani? Baridi ndiyo ilikuwa inaanza." Kweli, ukimalizika Mei huko milimani ndipo baridi inapokuja. "Na wamekulipa ngapi?"

Senti 25 za dola kila mara, mara sita, dola moja na nusu. Kwa wakati ule kama shilingi elfu mbili na mia nne. Nikamwambia pia kwamba sijazipata mkononi, kwa kuwa lazima zifike kiwango fulani ndipo utoe.

"Si ungeuza maharage yenyewe," akasema, akarudi jikoni.

Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuitoa Usambara mlimani na kuipeleka Ujerumani ikawa kitu kingine. Nilikosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alikusanya mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, unaoota kwenye kivuli cha mawe na misitu ya huku. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, baba akamfikishia Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, na mwaka uliofuata Wendland akautangaza kwa sayansi kwa jina la Saintpaulia, kumheshimu afisa na baba yake. Ukaenea madirishani Ulaya na Marekani nzima. Waingereza wanauita urujuani wa Afrika, bara zima. Wajerumani, na hili ninawapa heshima yao, wanauita mpaka leo Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Jina la mahali limebaki kwenye neno.

Sasa nenda kautafute kwenye masoko ya picha. Nimefanya hivyo jioni moja nzima. Umo kwenye vyungu vya kauri, kwenye kingo za madirisha, pembeni ya kikombe cha chai, na chini yake: zawadi, Siku ya Mama, bibi kizee, ndani ya nyumba, "spring". Lile jina la Kiingereza limewekwa kwa sababu ndilo jina la ua, lakini Afrika yenyewe kama mahali sikuiona kwenye orodha za maneno nilizozifungua. Huku kwetu, ambako baadhi ya jamii zake za porini zinapungua kwa sababu misitu inakatwa, picha za mmea huo ukiwa jiweni nilizihesabu kwa vidole.

Juzi juzi maneno haya yamepata kazi ya pili. Mashine zinazochora picha kwa kuambiwa zimejifunza kwa kulishwa picha pamoja na maelezo yake. Ndiyo maana Getty waliwashtaki Stability AI mwaka 2023, wakidai picha zao zimechukuliwa bila ruhusa. Kesi ni ya wenye mali. Mimi ninawaza zile lebo. Niliiomba mashine mojawapo initengenezee masika ya Lushoto, kwa Kiswahili. Ikaniletea tambarare ya manjano, mbuyu na jua linalozama.

Kwa hiyo nimerudi kwenye ile akaunti ya 2013. Nenosiri nilikuwa nimelisahau, ikanichukua siku mbili. Picha kumi na mbili bado zipo. Nimeyafuta maneno yote niliyoyapanga usiku ule, nikaandika upya: maharage, Lushoto, Usambara, Tanga, Tanzania, Aprili, udongo mwekundu. "Masika" nimeliweka la kwanza, na safari hii mstari mwekundu haukutokea. "Spring" nimeliacha la mwisho kabisa. Nilisitasita, nikaliacha, bado sijafika kile kiwango cha kutoa pesa.

Kisha nikalitafuta neno "masika" kwenye soko zima. Zilitoka kumi na tatu: kumi na mbili zangu, na ya binti mmoja aliyepigwa studio kwenye ukuta mweupe. Kumbe Masika ni jina lake.